Uyoga Kwenye Ncha ya Makaa

Kile kipande cha makaa hakikuzidi urefu wa kidole gumba. Inspekta alikitoa kwenye bahasha, akakiweka juu ya meza ya chumba cha mahojiano, kisha akatulia kuangalia mzee atafanya nini.

Mzee Cheche hakufanya kitu. Alikuwa amekaa wima kwenye benchi, mikono magotini, macho yameelekea ukutani, juu kidogo ya bega la Inspekta.

"Mzee, nimekuwekea kitu hapo."

"Nimekisikia kikigonga ubao."

Mkono wake ukaanza safari mezani, polepole, kama wa mtu anayetafuta sindano kitandani, mpaka ukakifikia. Akakishika, akakizungusha mara moja tu. Rangi ikamtoka usoni.

"Umekitoa wapi?"

"Chini ya mashine namba mbili, kwenye kisahani cha majivu. Niambie ni nini."

Ilikuwa Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi. Jumamosi alasiri, katikati ya mkanda wa pili, mwenye jumba la sinema alipigwa kichwani ofisini kwake, hatua chache kutoka ngazi ya chumba cha mashine za kuonyeshea picha. Simu aliyokuwa akiongea ilikatika saa tisa na nusu kamili, na dakika kumi baadaye muuza bisi akamkuta sakafuni. Mpaka asubuhi hii alikuwa hospitali, hajafumbua macho. Kando yake lilikutwa koleo la kunyofolea makaa ya moto, mali ya chumba cha mashine. Asubuhi ya siku hiyohiyo muuza bisi alimsikia Mzee Cheche akimfokea tajiri wake, "Ondoa hilo feni kabla halijamtoa mtu roho!" Juu ya hayo, ukumbi mzima uliiona picha ikiharibika dakika zilezile. Mkuu wa kituo alijumlisha moja na moja akapata mbili: fundi aliiacha mashine, akashuka, akapiga, akapanda. Saa nane mchana mzee apandishwe kizimbani.

"Una mpaka saa sita," Mkuu alimwambia Inspekta. "Ukichelewa, mimi simo."

Mzee Cheche alikirudisha kipande mezani, taratibu, kama yai.

"Hili ni kaa la upande wa hasi," alisema. "Limeota uyoga."

"Uyoga?"

"Pitisha kidole kwenye ncha. Unasikia kinundu?"

Inspekta alipitisha. Kweli, mahali palipotakiwa kuchongoka kama penseli palikuwa na kichwa cha mviringo, kimevimba.

"Ndani ya ile taa, binti yangu, kuna vijiti viwili vya makaa vinatazamana. Chanya na hasi. Umeme unaruka katikati, ndiyo mwali. Sasa hawa ni mke na mume walionuniana. Ukiwaweka mbali mno, wanapiga chafya tu, hawasemezani. Ukiwabananisha, wanazomeana, wanaunguzana. Kuna upana wake. Punje moja ya hindi, basi."

"Wakiwa mbali?"

"Picha inageuka bluu. Bluu ya maziwa yaliyotiwa maji. Inafifia, inafifia, halafu giza, na ukumbi mzima wanamtukana mama yako."

"Wakibanana?"

"Njano. Waigizaji wote wanaonekana wana homa ya ini. Na hasi linaota uyoga."

"Na wakiwa sawasawa?"

Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi mzee alitabasamu. "Nyeupe. Nyeupe ya shuka iliyoanikwa juani. Mwigizaji akilia, unaliona chozi kabla halijadondoka. Hizi taa za siku hizi za balbu zinawaka tu, sawasawa, kama mtu asiye na habari na wewe. Makaa yako hai. Yanawaka huku yanakwisha, kwa hiyo lazima uyasogeze muda wote. Mashine namba moja ina mota ya kuyasogeza. Ya namba mbili mota iliungua mwezi uliopita. Nasogeza kwa mkono, kila nusu dakika, mzunguko mdogo."

"Ukiiacha namba mbili bila mkono?"

"Inakufa ndani ya dakika nne. Tano, ikikuonea huruma."

Kalamu ya Inspekta ilikimbia. "Jumamosi mkanda wa pili ulikuwa kwenye mashine gani?"

"Namba mbili."

"Nani alikuwa anasogeza?"

"Mimi."

"Ulitoka?"

"Sikutoka hata kujisaidia."

"Basi nieleze, Mzee. Miaka thelathini na moja unalisha taa hii. Uyoga umeotaje mkononi mwako?"

Nje mlangoni buti za askari zilipita, zikarudi.

"Andika nimezeeka."

"Siandiki hivyo."

"Basi andika nilitoka!" Mzee aligonga meza, na kipande cha makaa kikaruka. "Andika nilitoka, tuishie hapo!"

Inspekta alifunga daftari. Alishawahoji wezi, matapeli, na mwanamume mmoja aliyeiba ngazi ya zimamoto. Hajawahi kukutana na mtu anayechagua jela kuliko kujibu swali moja la makaa. Akafungua jalada, akatazama tena maelezo ya Jumamosi. Mahali pa sahihi, mzee alikuwa ameweka dole gumba.

Akatoka mbio.

Kwenye kibaraza cha kituo alikaa binti wa mzee, fundi cherehani, futi ya kupimia bado imemning'inia shingoni, mtoto wa miezi minane mgongoni. Alisimama alipomwona Inspekta.

"Dada, nakuomba. Baba akiona mende anamfungulia mlango atoke. Atampigaje mtu?"

"Baba yako anajua kusoma?"

"Kusoma? Si ndiye aliyenifundisha mimi! Kila asubuhi alikuwa ananisomea gazeti, mpaka matangazo ya vifo."

"Alikuwa?"

Binti akamhamishia mtoto kiunoni. "Siku hizi ananiambia nimsomee mimi. Eti nina sauti nzuri." Akainamisha macho. "Sina sauti nzuri, Dada. Hata kwaya walinikataa."

"Na masikio yake?"

"We! Bomba likidondosha tone jikoni, yeye yuko chumbani kalala, anaamka kwenda kulifunga."

"Lile feni walilogombania, lilifungwa lini?"

"Ijumaa jioni. La kutolea moshi. Aliporudi nyumbani akasema linanguruma kama trekta. Hakula."

Mtoto alikuwa amekamata kamba ya filimbi ya Inspekta, na ilibidi wasaidiane watu wawili kumnyang'anya. Inspekta akampa kidole ashike badala yake, akasema, "Njoo sinema saa tano. Usikose."

Ndani ya gari, Koplo alikuwa akila karanga na kusoma maelezo ya mashahidi kwa sauti, kama mtangazaji wa mpira. Walikuwa kumi na mmoja.

"Afande, hawa wote ni kasuku. Picha iliharibika, picha iliharibika."

"Waliona rangi gani?"

"Rangi?" Koplo akapekua. "Kinyozi, safu ya tatu: njano. Mama Bisi, alichungulia mlangoni: njano kama mafuta ya kupikia. Mwalimu: njano. Njano. Njano... Huyu anasema manjano, labda amesoma sana." Akafika karatasi ya mwisho, karanga ikamsimama kooni. "Huyu anasema bluu."

"Nani?"

Koplo akamgeuzia karatasi. Inspekta alisoma jina la utani lililoandikwa juu, akaisoma tena ile sentensi: *Nilikuwa nimekaa safu ya tano, nikaona picha inageuka bluu na kufifia, nikajua fundi hayupo.*

"Washa gari," alisema. "Washa, Koplo! Karanga utakula njiani!"

*

Saa tano na robo ukumbi wa sinema ulikuwa na watu watano na viti mia tatu. Mama Bisi alikuwa mlangoni na sinia lake, akidai hawezi kuliacha hata polisi wakimwita. Kinyozi alikaa kiti chake cha kila Jumamosi, safu ya tatu, miguu juu ya kiti cha mbele. Nyuma yake, safu ya tano, alikaa Bosi Mdogo, mpwa wa mwenye jumba, msimamizi wa ukumbi, shati limenyooshwa, funguo zote za jengo zikining'inia kiunoni. Binti wa mzee alisimama kando ya ukuta akimbembeleza mtoto. Koplo aliegemea mlango wa kuingilia.

Juu, kwenye chumba cha mashine, Inspekta alimfungua mzee pingu. Mzee akaenda moja kwa moja kwenye mashine namba mbili, bila kupapasa, kama mtu anayeingia jikoni kwake. Akaweka makaa mapya kwa vidole.

"Nataka mara mbili," Inspekta alisema. "Mara ya kwanza, washa, weka sawa, kisha usiguse kitu. Feni limezimwa. Mara ya pili, tutawasha feni, na utasogeza kama ulivyosogeza Jumamosi. Vilevile."

Mikono ya mzee ikasimama.

"Umejua."

"Nimejua. Makaa yakibanana yanazomea, si ndiyo? Yakiachana yanapiga chafya. Wewe unayalisha kwa masikio. Jumamosi feni likameza sauti, ukawa unasogeza kwa kukisia tu. Uliogopa giza, ukasukuma mno."

"Miaka miwili sasa," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Kwanza herufi, halafu nyuso. Nikitoa siri hii, mashine nitapewa na nani? Mwanangu asisikie, mama. Nakuomba."

"Hilo siwezi kukuahidi. Ila nitajitahidi usilale ndani leo."

Akashuka ngazi tatu tatu.

Taa za ukumbi zikazimwa. Juu kukasikika mlio mfupi, makaa yakibusiana na kuachana, na skrini ikawaka nyeupe. Inspekta alitazama saa. Dakika ya kwanza, nyeupe. Ya pili, pembe za skrini zikaanza kupoa. Ya tatu, ikawa bluu, bluu ya maziwa yaliyotiwa maji, na ikazidi kufifia.

"Jumamosi ilikuwa hivi?" Inspekta aliuliza gizani.

"Hii?" Kinyozi alicheka. "Wapi!"

"Siyo hii," alisema Mama Bisi.

"Hii ndiyo!" Bosi Mdogo alisimama. "Hii hasa! Inspekta, hongera, umepatia. Tazameni, taa haina mtu, ndivyo inavyokufa. Mjomba alinifundisha hayo nikiwa mdogo. Huyo mzee alikuwa chini anamuua mjomba wangu!"

"Una hakika ni bluu?"

"Kama ninavyokuona wewe."

"Koplo, umeandika?"

"Nimeandika, Afande. Na *kama ninavyokuona wewe* nimeandika, japo ni giza."

Dakika ya tano taa ikakata roho. Giza tupu. Mtoto akaguna, mama yake akamtuliza. Kisha juu feni likaanza kunguruma, kweli kama trekta, mpaka viti vikatetemeka. Mlio wa makaa haukusikika kabisa. Skrini ikawaka nyeupe, ikakaa hivyo kwa muda, halafu kidogo kidogo ikaanza kuiva kama ndizi. Njano. Njano iliyokolea.

"Hiyo!" Kinyozi alishusha miguu kwa kishindo. "Hiyohiyo! Nilimwambia jirani yangu, leo yule mpenzi kwenye picha ana homa ya ini!"

"Kama mafuta yangu haya," alisema Mama Bisi, na akainua sinia kana kwamba kuna mtu angeliona. "Hiyo ndiyo tuliyoiona, tena tangu mkanda ulipoanza mpaka nilipopiga yowe."

"Bila kuzimika?"

"Haikuzimika hata mara moja."

Inspekta alipandisha sauti kushinda feni. "Inatosha, Mzee! Zima!"

Feni likanyamaza. Giza likarudi.

"Simu ya tajiri ilikatika saa tisa na nusu," Inspekta alisema, akitembea taratibu kati ya safu. "Mama Bisi alipiga yowe saa tisa na dakika arobaini. Taa ikiachwa inageuka bluu na kufa ndani ya dakika tano. Jumamosi ilikuwa njano, na haikufa. Njano haiji yenyewe. Njano ni mkono wa mtu unaosukuma, unaosukuma mno. Mkono huo ulikuwa juu muda wote."

"Wa mtu mwingine!" sauti ya Bosi Mdogo ilipasuka. "Alimwachia mtu!"

"Nani mwingine anajua kuilisha?"

"Hakuna," alidakia Mama Bisi. "Wewe mwenyewe ulijaribu ukaunguza nyusi, wiki nzima umevaa kofia mpaka bafuni."

Kinyozi akaangua kicheko. "Nyusi mimi ndiye nilizichonga upya!"

"Ulikuwa umekaa wapi Jumamosi, Bosi Mdogo?" Inspekta aliuliza.

"Hapa. Safu ya tano."

"Watu kumi tuliowahoji waliona njano. Wewe uliona bluu. Unajua kwa nini? Kwa sababu hukuona. Ulitoka ofisini kwa mjomba wako, ukasikia watu wanalalamika picha imeharibika, ukaipaka rangi uliyofundishwa utotoni. Na funguo za chumba cha mashine unazo. Koleo ungeweza kulichukua hata Ijumaa."

"Uongo! Haya, niambie wewe!" Sasa alikuwa akipiga kelele. "Fundi wa miaka thelathini na moja! Kwa nini asukume makaa mpaka yaote uyoga? Kwa nini? Hakimu atakuuliza hivyohivyo!"

Inspekta alilijua jibu, lakini binti wa mzee alikuwa amesimama palepale kando ya ukuta. Swali lilikuwa la haki. Hakimu angeliuliza.

Jibu lilitoka juu, kwenye kidirisha kidogo cha chumba cha mashine, kwa sauti iliyojaa ukumbi mzima.

"Kwa sababu sioni! Mmesikia? Sioni! Nasogeza kwa masikio, na feni lilinizibia masikio. Nilimwambia tajiri aliondoe, sikuweza kumwambia kwa nini. Nilikuwa hapa. Sikutoka. Ni kipofu, lakini nilikuwa hapa!"

Kutoka ukutani binti akajibu kwa ile sauti iliyokataliwa na kwaya.

"Baba, mimi najua tangu mwaka jana. Tangu ulipomimina chai nje ya kikombe ukasema kikombe kinavuja. Kikombe changu hakivuji, Baba."

Wakati huohuo funguo zikalia gizani. Zilikuwa zinakimbia.

"Mlango wa dharura!" Inspekta alipiga kelele. "Anao ufunguo! Koplo!"

"Simwoni, Afande!"

Miguu ilishapanda jukwaa, mbao zinalia. Mlango wa dharura ulikuwa nyuma ya pazia, kulia kwa skrini, na nje yake kuna uchochoro wenye njia nne.

"Mzee! Washa! Bila feni! Washa sasa!"

Makaa yakabusiana, yakaachana. Mwali ukapiga kelele ya kuzomea, ukapiga chafya, na vidole visivyohitaji macho vikayaweka mahali pake, punje moja ya hindi. Mwanga ukamiminika juu ya vichwa vyao kama maji ya mtungi.

Katikati ya jukwaa alisimama Bosi Mdogo, ufunguo mkononi, uso amegeuzia mwanga. Nyuma yake kivuli chake kilifika dari. Alijikinga kwa kiwiko, akapiga hatua moja upande wa viti, akakosa jukwaa. Koplo alimpokea chini na kishindo ambacho kilimwaga nusu ya bisi za Mama Bisi.

"Pole sana, Bosi," alisema Koplo, akitafuta pingu. "Tiketi yako iko wapi?"

"Mjomba alitaka kumnunulia mzee mashine mpya badala ya kuniachia mimi ukumbi!" Bosi Mdogo alilia huku uso umebanwa kwenye zulia. "Nilishaahidi ukumbi utakuwa ghala! Nilishawaahidi watu!"

"Hiyo pia andika, Koplo."

"Nitaandika nikishamaliza kumkalia, Afande."

Inspekta alitazama saa. Saa sita kasoro dakika saba. Alikuwa akihema kama yeye ndiye aliyekimbia. Alipogeuka, alimwona binti amesimama katikati ya njia ya ukumbi, mtoto kamwinua juu, na mtoto ananyoosha mikono yote miwili kuushika ule mkondo wa mwanga uliokuwa ukipita na vumbi lake.

"Jamani!" mzee aliita kutoka kidirishani. "Kuna nini huko? Amekamatwa?"

"Amekamatwa, Baba!"

Makaa yalikuwa yakiimba taratibu, na kila nusu dakika ulisikika mzunguko mdogo wa mkono.

"Na taa je?" mzee aliuliza, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa jibu. "Mwanangu. Rangi gani?"

Binti aliitazama skrini. Haikuwa na doa.

"Nyeupe, Baba," alisema. "Nyeupe ya shuka."